Pikipiki Mbili za Tawi Letu: Ipi Iuzwe, Ipi Ibaki?



Mwaka 2024 tawi letu liliuza moja ya pikipiki zake mbili. Huenda msomaji akasema kwamba hilo si jambo la kuandikwa katika gazeti la chama. Hata sisi tulidhani hivyo hapo mwanzo. Tulidhani ni kazi ya nusu saa: wajumbe wakae, mikono inyoshwe, pikipiki iuzwe. Lakini shauri hilo lilituchukua miezi mitatu na mikutano minne, na nusura tuuze ile isiyofaa kuuzwa. Ndiyo maana tunaandika. Matawi mengi ya mashambani yana pikipiki kuukuu, na mengi yatafika pale tulipofika sisi.

Sisi ni kamati ya tawi la wafanyakazi wa shamba la chai na kiwanda chake, upande wa Toro, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Wanachama wetu ni Watoro, Wakiga, Wakonzo, na wengine ambao wazazi wao walitoka Rwanda, Burundi na Kongo kuja kuchuma chai. Ndiyo sababu mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili, na ndiyo sababu twazisoma kurasa hizi.

KILICHOTUFIKISHA HAPO

Chai yetu nyingi huuzwa kwenye mnada wa Mombasa. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Bei inayotangazwa huko pwani ndiyo inayoamua kama mchuma chai wa Toro atapata kazi siku sita kwa wiki au siku tatu. Katika miaka ya karibuni bei ya chai ya Uganda imekuwa mbaya. Juu ya hayo zimeingia mashine za kuchumia. Mashine moja ikishikwa na watu wachache hufanya kazi ya wachumaji wengi. Wachumaji wakipungua, makato ya ada nayo hupungua. Mfuko wa tawi ulikuwa ukikauka polepole kama kisima wakati wa kiangazi.

Ndipo ikaja ajali. Mwishoni mwa mwaka 2023 mwenzetu wa zamu ya usiku kiwandani alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na mashine ya kusaga majani. Jina la kampuni hatulitaji hapa, kwa kuwa shauri lenyewe halijamalizika. Uganda inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, na mtu aliyeumia kazini ana haki yake. Lakini haki hiyo haiji nyumbani kwa miguu yake. Lazima taarifa iandikwe mapema. Lazima afisa wa kazi wa wilaya aonwe. Lazima daktari apime na kuandika kiwango cha ulemavu, maana kiasi cha fidia hutegemea kiwango hicho. Mwajiri akibisha, lazima wakili atafutwe. Kila hatua ina safari, na kila safari ina gharama.

Mweka hazina wetu alipofungua vitabu alituambia jambo moja tu: fedha za daktari zipo nusu, fedha za wakili hazipo kabisa. Kitu pekee tulichoweza kukiuza ni pikipiki. Nazo zilikuwa mbili, zote kuukuu, na zote zina wapenzi wao.

YAMAHA

Ya kwanza ni Yamaha AG100. Herufi hizo mbili zatokana na neno la kilimo, na kweli pikipiki hiyo ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wafugaji na wakulima, hasa wa Australia na New Zealand. Aliyeichora aliijua kazi ya shamba. Cheni yake imefunikwa yote ndani ya sanduku, isiingie tope. Ina kibebeo cha mzigo nyuma na kingine mbele. Ina vyuma vya kukinga mikono na miguu. Ina vigango viwili, kimoja kila upande, ili mtu akiiegesha mlimani achague upande usioanguka.

Mashine yake ni ndogo, haifiki saizi 100 kamili, lakini ni ya mipigo miwili. Maana yake ni kwamba haina valvu kama zile za mashine ya mipigo minne, na huwaka kila mara pistoni inapopanda. Kwa hiyo ina nguvu ya kuvuta kuliko umbo lake. Oili ina tangi lake peke yake, na pampu ndogo huichanganya na petroli. Kwa ajili hiyo hutoa moshi wa buluu. Watoto wa kambini waliujua moshi huo kabla hawajaiona pikipiki yenyewe.

Yamaha hiyo ilitufikia mwaka 1994, kutoka mradi wa mifugo uliofungwa. Katibu wetu wa kwanza ndiye aliyeipokea, na ndiye aliyeipanda miaka 16 mpaka alipofariki dunia. Mwaka 1998, vita vya waasi wa ADF vilipotisha upande huu wa Rwenzori na magari yakawa hayapiti jioni, Yamaha ilipita. Ilibeba barua, dawa, na mara mbili ilibeba mama mjamzito hadi hospitali. Wako vijana wa tawi letu leo ambao mama zao huwaambia: wewe ulikaribia kuzaliwa juu ya Yamaha.

HONDA

Ya pili ni Honda CG125. Hiyo tuliinunua mwaka 2001 kwa mwalimu aliyestaafu. Haikuja na sifa yoyote. Tangi lake lilikuwa na kutu, nasi tukalipaka rangi ya kijani iliyobaki kiwandani. Jina lake kambini ni Punda.

Lakini hata Punda ana asili yake. Kampuni ya Honda ilianza kuitoa CG125 mwaka 1976. Kabla ya hapo iliona kwamba pikipiki zake zikipelekwa katika nchi za vumbi na joto hubebeshwa mizigo mizito, na oili haibadilishwi kwa wakati. Mashine zenye kemu juu ya kichwa zilikuwa zikilika upesi kwa oili chafu. Basi mafundi wakarudi kwenye mtindo wa zamani: kemu ikawekwa chini, na valvu zikawa zasukumwa na fito mbili. Mashine ya namna hiyo haikimbii sana, lakini husamehe makosa ya mwenye nayo. Baadaye viwanda vya China vikaiga mashine hiyo na kuitengeneza kwa wingi mno. Ndiyo maana mpaka leo ringi, pistoni na sahani za klachi zinazoingia katika Honda yetu zapatikana madukani Fort Portal na Kasese, ingawa hazina jina la Honda juu yake.

Punda hakuwa na historia ya vita. Kazi yake ilikuwa kupeleka makaratasi ya ada, kuleta dawa za malaria, na kurudi. Hakuna aliyemsifu kwa sababu hakuna aliyewahi kumngoja.

MKUTANO WA KWANZA

Mkutano wa kwanza ulifanyika mwezi wa Februari. Mwenyekiti alisoma ajenda: kuuza pikipiki moja ili kugharamia shauri la ndugu yetu aliyeumia. Kabla hajamaliza, sauti zikatoka nyuma: Uzeni Punda! Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kiwandani akasimama, akasema kuuza Yamaha ni kumuuza marehemu katibu. Wengi wakapiga makofi. Kama kura ingepigwa dakika ile, Honda ingeuzwa kwa mikono yote.

Aliyetuokoa ni mweka hazina. Alisema yeye hapingi, ila anaomba wiki tatu apate bei. Alisema pia kwamba mali ya tawi ni mali ya chama, na kwamba bila kibali cha makao makuu mkutano hauwezi kuuza hata pampu ya baiskeli. Tukakubali, baadhi yetu kwa kunung'unika.

Ndani ya wiki tatu hizo tulifanya mambo mawili ambayo twayashauri kwa kila tawi.

Kwanza, tuliwaita mafundi wawili wasiojuana, kila mmoja siku yake, wazipime pikipiki zote mbili. Pili, tulifungua daftari la safari. Kwetu kila anayechukua pikipiki huandika tarehe, mahali aendako, kilomita, petroli, na ubovu. Daftari hilo lilikuwa likiandikwa kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyekuwa akilisoma.

DAFTARI LILIVYOSEMA

Katika miezi 12 Honda ilitoka siku 213. Yamaha ilitoka siku 64. Honda ililala kwa ubovu siku 11. Yamaha ililala siku 90, nyingi zikiwa za kungoja kipuri kutoka Kampala. Honda ilikwenda kilomita 38 hivi kwa lita 1 ya petroli. Yamaha ilikwenda 27, na juu yake ilihitaji oili yake ya mipigo miwili, ambayo siku hizi ni shida kuipata iliyo safi. Boda boda wa mjini hutumia mashine za mipigo minne, kwa hiyo wauza oili hawana haja ya kuiweka.

Tulisoma namba hizo mara mbili. Mtu angetuuliza kabla ya hapo ni pikipiki ipi inayolitumikia tawi, tungejibu Yamaha bila kufikiri. Tulikuwa tukiisimulia Yamaha na kuipanda Honda.

Mafundi nao hawakutofautiana. Silinda ya Yamaha ilikwisha kuchongwa mara kadhaa. Kila inapochongwa hutiwa pistoni kubwa zaidi kidogo, na sasa ilikuwa imefika saizi ya mwisho. Ikilika tena, lazima itafutwe silinda nyingine au itiwe ala mpya ndani. Fremu, magurudumu na gia vilikuwa vizima. Honda ilihitaji ringi, mpira wa oili, cheni na matairi. Kazi ya siku mbili.

Bei ndiyo iliyotushangaza zaidi. Kwa Honda tulipewa fedha kidogo sana. Boda boda hawaitaki, wao wataka Bajaj mpya zinazokula petroli kidogo. Lakini Yamaha ilikuwa ikitafutwa. Wafugaji na wachuuzi wa maziwa waliitaka kwa ajili ya vibebeo vyake na nguvu zake za kupanda. Bei ya juu ya Yamaha ilizidi mara mbili bei ya juu ya Honda. Kwa bei ya Honda tungemlipa daktari, wakili tungemkosa. Kwa bei ya Yamaha tungewalipa wote wawili.

KAMBI YA JUU YAPINGA

Mkutano wa pili tulikwenda na hesabu hizo tukiamini kwamba kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Hesabu zinaweza kuwa sahihi na bado zikasahau mtu.

Mjumbe wa Kambi ya Juu ni mama mchuma chai wa miaka mingi. Kambi yake iko mlimani, juu ya msitu, na njia yake wakati wa mvua ni utelezi mtupu. Alisema hivi: Ninyi mwahesabu siku. Sisi huku juu hatuihitaji pikipiki siku 213. Twaihitaji siku moja, siku ambayo mtoto ana degedege au mama ana uchungu. Siku hiyo Honda haifiki kwetu. Yamaha hufika. Mkiuza Yamaha mmewauza watu wa juu ili kumsaidia mtu wa chini.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulinyamaza kwa sababu tulijua alisema kweli. Mwenzetu aliyekatwa vidole alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa kitambaa. Aliomba ruhusa ya kusema. Alisema yeye hataki pikipiki iuzwe ikiwa mtoto wa mtu atakufa kwa ajili ya vidole vyake. Hapo mkutano ukafungwa. Usiku ule wajumbe wengi hawakulala vizuri.

JARIBIO LA MLIMA

Fundi mmoja, mwanachama wetu wa karakana ya kiwanda, ndiye aliyetoa shauri. Alisema Honda haishindwi mlima kwa kukosa nguvu. Inashindwa kwa gia na tairi. Ukiiwekea gurudumu la nyuma gia yenye meno mengi zaidi, mbio zitapungua lakini nguvu ya kuvuta itaongezeka. Na ukiivua tairi la lami, ukaivisha tairi la meno makubwa, itashika tope. Tukanunua gia yenye meno 5 zaidi na tairi moja. Gharama yake ilikuwa ndogo. Fundi hakudai ujira.

Jumapili moja ya Aprili, siku moja baada ya mvua kubwa, tulikwenda kujaribu. Mjumbe wa Kambi ya Juu mwenyewe ndiye aliyepakiwa nyuma, kwa ombi lake. Honda ilipanda vizuri kuliko tulivyotumaini, mpaka kwenye kona ya chemchemi, mahali maji yanapokata njia. Hapo ilizama hadi kwenye ekseli. Tulijaribu mara mbili tukashindwa.

Wengine wetu tuliona aibu. Lakini yule mama alishuka, akakunja kitenge chake, akalitazama tope. Akasema: Hapa hata Yamaha siku hizi husukumwa. Kosa ni la njia.

Ndugu, miaka 30 tulikuwa tukitafuta pikipiki ya kuishinda kona ile. Hakuna aliyekuwa amesema kona itengenezwe. Jumapili mbili zilizofuata watu wapatao 40 walitoka na majembe, wa kambi zote na wa kiwandani. Tulichimba mtaro wa kupitishia maji, tukapanga mawe, tukashindilia changarawe. Jumapili ya tatu Honda ilipanda na kushuka mara tatu, mara mbili ikiwa na mtu nyuma. Mwishoni ilipandishwa na mfanyakazi kijana wa kike ambaye alikuwa amejifunza kwa majuma machache tu.

Jambo hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake katika uamuzi. Yamaha ilikuwa na watu wawili tu walioijua. Kuiwasha kulitaka kuvuta choki kiasi fulani, kupiga kiki kwa namna fulani, na wakati mwingine kusafisha plagi njiani. Wale wawili wasipokuwapo, Yamaha ilikuwa pambo la stoo. Honda ilikuwa ikiwashwa na yeyote. Leo tunao waendeshaji sita wenye leseni, wawili kati yao wanawake, na mmoja wao anakaa Kambi ya Juu.

NENO LA MJANE

Mkutano wa tatu, kabla ya kura, bado ilibaki hoja ya marehemu. Haikuwa hoja ndogo. Mtu aliyelijenga tawi kwa jasho lake hasahauliki kwa sababu ya bei.

Mjane wake bado ni mfanyakazi wa kiwanda, idara ya kuchambua chai. Hakuwa amesema neno tangu Februari. Mwenyekiti alimwomba atoe mawazo yake ikiwa anapenda. Alisimama akasema kwa ufupi: Mume wangu hakuipenda ile pikipiki kama mnavyodhani. Ilimwunguza mguu mara mbili, na kila Jumamosi alikuwa akiilalamikia. Aliipanda kwa sababu kulikuwa na mtu wa kutetewa upande wa pili. Sasa yuko mtu wa kutetewa, na ameketi pale mlangoni.

Kura zikapigwa. Waliotaka Yamaha iuzwe walikuwa 71, waliokataa 9. Mama wa Kambi ya Juu alinyosha mkono pamoja na wale 71.

TULIVYOUZA

Kuuza nako kuna vishawishi vyake. Kibali cha makao makuu kilipofika, tulibandika tangazo kiwandani, sokoni na kwenye vituo vya maziwa. Bei ziliandikwa, zikatiwa katika bahasha, na bahasha zikafunguliwa mbele ya mkutano wa nne. Tulikubaliana kwamba hakuna mjumbe wa kamati wala ndugu yake wa karibu atakayenunua. Mmoja wetu aliitaka sana. Alikaa kimya, nasi twamshukuru kwa kimya hicho.

Palikuwa na shauri moja baya. Mtu fulani alituambia tutie oili nzito, na plagi mpya, mlio wa silinda usisikike siku ya kuonyesha. Tulikataa. Mnunuzi alikuwa mchuuzi wa maziwa wa upande wa Kyenjojo, mtu wa jasho kama sisi. Tulimwonyesha daftari, tukamwandikia hali ya silinda katika hati ya mauzo. Akapunguza bei kwa sehemu moja ya kumi. Hata hivyo fedha zilitosha daktari na wakili, na zikabaki kidogo za cheni ya Honda.

Siku hiyohiyo tulianza kuhamisha jina kwenye kadi ya usajili. Twasisitiza jambo hili. Pikipiki ikiuzwa kwa kupeana mikono tu, jina likabaki la tawi, siku itakapomgonga mtu au kukutwa na mali ya wizi, polisi watalitafuta tawi.

Mchuuzi aliondoka nayo saa nne asubuhi. Wachumaji waliokuwa karibu na barabara walisimama na vikapu mgongoni wakaitazama. Askari wetu wa lango, aliyekuwa akiiosha kila Jumamosi tangu mwaka 1994, hakutoka kibandani. Moshi wa buluu ulibaki barabarani kidogo, kisha ukaisha.

HALI ILIVYO

Daktari alitoa taarifa yake mwezi wa Juni. Wakili alipeleka madai. Mwezi wa Novemba kampuni ilikubali kuketi mezani mbele ya afisa wa kazi. Sehemu ya kwanza ya fidia imelipwa. Iliyobaki twaidai, na tutaidai mpaka mwisho. Mwenzetu hawezi kurudi kwenye mashine ya kusaga, lakini sasa anaandika uzito wa majani kwenye mizani, kwa mkono wa kushoto.

Honda imekwenda Kambi ya Juu mara nne kwa dharura tangu wakati huo. Mara zote imefika. Safari moja kati ya hizo ilikuwa usiku, mvua ikinyesha, na mwendeshaji alikuwa yule kijana wa kike.

TULIYOJIFUNZA

Kwa matawi mengine, na hata kwa mfanyakazi mwenye pikipiki mbili kuukuu nyumbani kwake, twaweza kusema haya:

1. Andikeni daftari, na mlisome. Moyo hukumbuka safari moja ya ajabu na kusahau safari mia za kawaida.

2. Kabla ya kuuliza bei, ulizeni vipuri. Pikipiki isiyo na vipuri karibu ni deni, hata kama inawaka leo.

3. Mali ya wengi iwe ile ambayo wengi wanaweza kuitumia. Chombo kinachojulikana na mtu mmoja humfuata mtu huyo kaburini.

4. Msihesabu siku peke yake. Ulizeni nani ataumia zaidi chombo kikiondoka, na mtatue shida yake kabla ya kuuza, si baada ya kuuza.

5. Msiuze kwa siri, wala msifiche ubovu. Mnunuzi wa pikipiki kuukuu mara nyingi ni maskini mwenzenu.

6. Fedha zikipatikana ziende pale mkutano uliposema, na risiti zisomwe mbele ya wanachama.

Stoo ya tawi sasa ina nafasi. Mahali ilipokuwa ikisimama Yamaha pana doa la oili sakafuni, na tumeacha kulisugua. Punda amepakwa rangi upya, kijani ileile ya kiwanda. Vijana wamependekeza apewe jina lingine lenye heshima zaidi. Jambo hilo liko katika ajenda ya mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.